Chuo cha Kumpeleka Atakayetutunzia Vitabu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Jumuiya, Jinja, siku ya kufunguliwa chumba cha maktaba)





Halmashauri imeniamrisha niseme maneno juu ya jambo ambalo limeleta mabishano mengi barazani kwetu tangu mfungo wa Ramadhani ulipokwisha. Jumuiya imeazimia kumsomesha kijana mmoja elimu ya ukutubi hata apate shahada, kisha arudi ashike maktaba hii tunayoifungua leo. Fedha zilizopo zinamtosha mtu mmoja tu, na kwa muda wa miaka mitatu tu. Fedha zenyewe mwazijua zilikotoka: nyingine ni za wajane, nyingine ni za wenye vibanda sokoni waliotoa shilingi elfu elfu. Basi tumpeleke chuo gani? Wako wanaosema Cairo, wako wanaosema Malaysia, wako wanaosema Makerere, na wako wanaosema fedha hizo zinunue saruji.

Kwanza neno lenyewe. Wazee wetu wa pwani waliposema "chuo" walikusudia kitabu, na "vyuo" vilikuwa ni vitabu; ndiyo sababu mtu wa elimu akaitwa mwanachuoni. Baadaye neno likahamia kwenye mahali pa kusomea, toka chuo cha Kurani hata chuo kikuu. Kwa hiyo wale wanaodhani kuwa kazi ya kutunza vitabu ni mambo ya kigeni yasiyotuhusu, lugha wanayoisema inawashuhudia kinyume.

Na kabla sijataja chuo chochote, sharti nimjibu mzee wangu mmoja aliyenishika mkono baada ya sala ya Ijumaa akaniuliza, "Sheikh, mtu akae miaka mitatu akijifunza kupangusa vumbi na kupanga vitabu kwa urefu?" Swali hili si la kuchekwa, kwani mtu asiyeijua kazi hawezi kuchagua mahali pa kuifunzia.

Namwomba mzee wangu alifungue sanduku la kwanza katika yale masanduku 4 ya wakfu tuliyoyarithi. Juu kabisa atakiona kitabu tulichokisoma sote tuliopita madrasa za Kishafii, ile hashiya ya Sheikh Ibrahim al-Bajuri. Kitabu ni kimoja, lakini ndani yake wamo watu watatu: yumo Abu Shujaa mwenye matni, yumo Ibn Qasim al-Ghazzi aliyeisherehesha matni hiyo, na yumo al-Bajuri aliyeandika juu ya sherehe. Mtu asiyefunzwa ataandika katika daftari jina moja tu, lile aliloliona kwenye jalada. Akija mwanafunzi kumtaka Ibn Qasim ataambiwa hayupo, naye amelala pale pale rafuni.

Tena kuna jambo la majina. Katika masanduku yale kuna vitabu vya Ibn Hajar. Ibn Hajar yupi? Yuko al-Asqalani, mwenye Fath al-Bari, aliyefariki mwaka 1449, na yuko al-Haytami, mwenye Tuhfat al-Muhtaj, aliyefariki zaidi ya miaka 100 baada yake. Wote wawili ni Mashafii, na wote wawili walizaliwa Misri. Daftari likisema "Ibn Hajar" na kunyamaza, limemdanganya msomaji. Na wengi wa waandishi wetu wana jina lao, na jina la baba, na kunia, na lakabu, na nisba ya mji. Mkutubi hufunzwa kuchagua lipi liwe kichwa cha habari, na yale mengine yaandikwe mahali gani ili yamwelekeze mtu kwenye hilo moja.

Tuje kwenye rafu. Maktaba nyingi za dunia hufuata mpango wa Mmarekani Melvil Dewey, alioupiga chapa mwaka 1876. Aligawa elimu zote katika makundi 10, tokea 000 mpaka 999. Dini aliipa 200. Katika 200 hiyo, Biblia na mambo ya Ukristo yalitwaa tokea 220 mpaka 280 na zaidi, na Uislamu ukapewa namba moja, 297. Simlaumu sana, kwani kila mtu hupima kwa pishi ya nyumbani kwake. Maktaba ya mji, yenye vitabu vichache vya dini yetu, haipati taabu kwa mpango huo. Lakini hapa kwetu, ambapo karibu vitabu vyote ni vya dini, asiyejua atabandika 297 katika kila mgongo wa kitabu, na rafu nzima itasema neno moja toka mlangoni hata dirishani. Aliyefunzwa anajua kuwa namba haiishi hapo, bali inaendelea baada ya nukta: Kurani ina 297.122, Hadithi zina 297.124, na fani nyingine zina pahala pake. Tena anajua lini afuate mpango ule kama ulivyo, na lini aupanue kwa haja ya maktaba yake bila ya kuuharibu.

Basi hiyo ndiyo kazi, mzee wangu. Vumbi tutalipangusa sote kwa zamu.

Wala kazi hii haikuanza kwa Dewey. Ibn Sina ameeleza jinsi alivyoruhusiwa, naye bado ni kijana, kuingia katika maktaba ya Amiri Nuh bin Mansur huko Bukhara. Alikuta vyumba vingi vyenye masanduku ya vitabu, chumba kimoja cha lugha na mashairi, kingine cha fiqhi, na kila fani chumbani kwake. Naye akaisoma orodha kwanza, ndipo akaomba alichokihitaji. Na Ibn al-Nadim wa Baghdad, ambaye kazi yake ilikuwa biashara ya vitabu, aliandika Fihrist yake mwaka 987, akaorodhesha vitabu vya fani zote alivyovijua vya lugha ya Kiarabu. Vingi kati ya hivyo vimepotea, na leo twajua tu kwamba vilikuwapo kwa sababu mtu mmoja alikaa akaandika orodha.

Sasa vyuo. Katika zama za utawala wa Waingereza, mtu wa huku aliyetaka kusomea ukutubi alikuwa hana budi kuvuka bahari. Kule London, University College ilikuwa na skuli ya kazi hii tokea mwaka 1919. Mwaka 1963 ndipo ilipofunguliwa Makerere skuli ya ukutubi ya Afrika Mashariki, kwa ajili ya watu wa nchi zetu hizi. Ilianza kwa mafunzo ya vyeti na diploma, na mwaka 1989 ikaanza kutoa shahada. Skuli hiyo ingalipo, na sasa imo ndani ya chuo cha kompyuta na elimu ya habari cha Makerere hiyo hiyo. Kwa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi, karibu na Eldoret, kilianzisha kitivo cha elimu ya habari mwaka 1988. Tanzania wana chuo cha ukutubi Bagamoyo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, nacho hufunza watu kwa cheti na diploma. Ni chuo cha kufaa kwa atakayekuwa msaidizi, lakini Jumuiya imesema shahada.

Katika kuvipima vyuo hivi naona watu wengi huangalia jina na majengo. Mimi ningependa tuangalie mengine.

La kwanza ni kutambuliwa. Hapa Uganda liko Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2001. Fahamuni kwamba Baraza hilo haliridhiki na chuo tu, bali hutazama kila somo la shahada peke yake, na kibali cha somo kina muda wake. Yawezekana chuo kikawa na jina kubwa, na somo unalolitaka likawa kibali chake kimekwisha. Namjua kijana wa ukoo wetu aliyesoma miaka mitatu katika chuo kimoja ambacho jina lake sitalitaja. Alipokwenda kuomba kazi ya serikali akaambiwa karatasi yake haitambulikani, na baba yake alikuwa ameuza kiwanja kwa ajili ya ada. Kuuliza ni bure, na majibu hutolewa kwa maandishi. Tuyatake kwa maandishi.

Na upande wa mwanafunzi kuna sharti vilevile. Mlango wa kawaida wa shahada katika nchi hii ni mtihani wa Kidato cha Sita, na sharti afaulu ufaulu mkuu katika masomo 2. Au awe na diploma nzuri. Nayasema haya kwa kuwa baadhi ya wazee wameleta majina ya vijana hodari wa madrasa ambao hawakumaliza skuli. Uhodari wao haukatawi, ila mlango huo hautafunguka kwa barua ya sheikh.

La pili, na kwangu ndilo kubwa, ni kazi ya mikono. Ukutubi ni kama useremala: mtu hawezi kuuchukua wote kwenye ubao wa darasa. Chuo tukiulize: wanafunzi wenu huenda kufanya kazi katika maktaba gani, kwa majuma mangapi, na ni nani anayewasimamia? Je, atawekewa mbele kitabu asichokijua akitolee maelezo mwenyewe, au atasikia maelezo ya maelezo tu? Hapa Makerere ina fadhila ambayo chuo kipya hakiwezi kuinunua, nayo ni ile maktaba kubwa iliyo hatua chache toka darasani. Na likizo ikifika, kijana wetu atarudi Jinja kwa mwendo wa kilomita 80, afanye mazoezi katika maktaba ya mji, na Jumamosi aje hapa atuoneshe alichojifunza juma lile kwa vitabu vyetu wenyewe. Akiwa Cairo hatutamwona ila baada ya miaka.

La tatu ni kompyuta. Najua baadhi yenu mnaliogopa neno hili, na mimi mwenyewe huandika kwa kalamu. Lakini orodha ya maktaba siku hizi huwekwa katika kompyuta, na iko programu iitwayo Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, ambayo hutolewa bure kwa kila anayeitaka, tena inakubali herufi za Kiarabu. Maktaba masikini yaweza kuwa na orodha sawa na ya maktaba tajiri, maadamu yupo mtu anayejua kuiweka na kuitengeneza ikigoma. Basi tuulize: je, mwanafunzi huiweka programu mwenyewe toka mwanzo, au hufunzwa kubonyeza tu ile aliyoikuta?

La nne ni tiba ya vitabu. Sanduku la tatu, kama mlivyoona, limeingiwa na mchwa, na juzuu mbili za tafsiri zimebaki pembe zake tu. Mwenzetu mmoja kwa nia njema alizifunga karatasi zilizochanika kwa utepe wa gundi wa dukani. Utepe huo baada ya miaka huwa rangi ya chai, na gundi yake huingia ndani ya karatasi ikaiua. Mwingine alitaka kupuliza dawa ya mbu. Waliosomea kazi hii wanajua kwamba kitabu chenye wadudu hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kikawekwa katika friza kali kwa siku kadhaa, wadudu wakafa na mayai yao, bila ya tone la dawa. Wanajua pia kwamba wino wa kale wenye chuma hula karatasi pole pole, na kwamba kitabu cha namna hiyo hupigwa picha mapema kabla hakijakatika. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zimepigwa picha namna hiyo, kwa msaada wa mradi wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na asili zake zimebaki pale pale Lamu mikononi mwa wenyewe. Na mwaka 2012, vita vilipofika Timbuktu, Abdel Kader Haidara na wenzake walizihamisha hati kwa maelfu, katika masanduku ya bati, kwa magari na mitumbwi, mpaka Bamako. Jeshi lilipourejesha mji mwaka 2013, ilionekana kwamba baadhi ya zilizobaki zilikuwa zimechomwa moto. Aliyezijua zilivyo na mahali zilipo ndiye aliyeweza kuziokoa.

Nimeacha Kiarabu kwa makusudi. Wanaotaka Cairo hoja yao ni Kiarabu, na ni hoja ya haki. Chuo Kikuu cha Cairo kimekuwa na mafunzo ya ukutubi na nyaraka tokea mwaka 1951, na mwanafunzi wa huko husoma kwa lugha ya vitabu vyenyewe. Lakini jamani, tusimtake mwalimu wa ukutubi amfunze kijana wetu irabu. Kiarabu aende nacho. Masharti yangu kwa Halmashauri ni kwamba kila mwombaji apewe ukurasa wa mbele wa kitabu kisicho na irabu, aseme jina la kitabu, jina la mwandishi, mahali kilipopigwa chapa, na mwaka wa Hijria auhesabie wa miladi. Asiyeweza, hata akiwa na alama nzuri namna gani, hatufai kwa kazi hii. Akiweza kidogo, madrasa ziko, na Mbale kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu tokea mwaka 1988, chenye kitivo cha elimu za Kiislamu na lugha ya Kiarabu, ambapo aweza kuongeza baadaye.

Ama Malaysia, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa kina shahada ya pili ya ukutubi, na hiyo ni safari ya mtu aliyekwisha kuwa mkutubi. Marekani ni vivyo hivyo: shahada inayotambuliwa na jumuiya yao ya wakutubi, American Library Association, ni ile ya pili. Mzazi aliyeniambia atampeleka mwanawe kule akachukue ya kwanza na arudi nayo kama ya kule, ajue kwamba huko kwenyewe si hiyo wanayoihesabu.

Kwa hiyo rai yangu ni Makerere kwanza, arudi, afanye kazi hapa miaka ya kutosha kujua maradhi ya vitabu hivi. Kisha, Mungu akitupa, aende Cairo kwa mafunzo ya hati za kale, naye atakwenda akijua anatafuta nini. Ndugu zetu wanaopenda Eldoret sina ugomvi nao. Ikiwa majibu ya kule juu ya kazi ya mikono yatakuwa bora kuliko ya Makerere, tuvuke Malaba.

Limebaki la msichana. Nimesikia minong'ono kwamba waombaji 2 kati ya waliojiandikisha ni mabinti, na kwamba fedha za wakfu zitapotea wakiolewa. Kijana wa kiume akipata shahada akaitwa Kampala kwa mshahara mzuri, fedha hazipotei? Tumewaona wangapi waliokwenda na hawakurudi, na hapana aliyeoa kwa sababu hiyo! Dawa ni mkataba, usiangalie mume wala mke: atakayesomeshwa atatumika hapa miaka 4 baada ya shahada, au atarudisha ada kidogo kidogo. Na Jumuiya nayo iandike katika mkataba huo huo mshahara itakaomlipa. Kama hatuna mshahara wa kumlipa mkutubi, na tuseme leo, kabla hatujamtoa mtoto wa watu nyumbani kwao. Nimeyatazama mahesabu pamoja na Mtunza Hazina: kodi ya vyumba viwili vya mbele yaweza kubeba mshahara huo ikiwa haitaguswa kwa kazi nyingine. Hilo litaletwa mbele ya mkutano mkuu, nami naomba lipigiwe kura waziwazi.

Jumatatu ya wiki ijayo watu 3 wa Halmashauri watakwenda Makerere, na barua imekwisha kuandikwa kwa Eldoret. Maswali niliyoyataja watayachukua yakiwa yameandikwa, na majibu yatabandikwa ubaoni mwa msikiti kila mtu ayasome. Aliye na swali jingine ampe Katibu kabla ya sala ya Ijumaa. Waombaji walete vyeti vyao vya asili, si nakala, siku ya Jumapili saa tatu asubuhi, na ule ukurasa usio na irabu watapewa hapo hapo.